Pa Kulengea Shabaha, Kutoka Märsta Hadi Södertälje

Jino

Mwaka niliong'olewa jino pale hospitali ya misheni nilikuwa kijana wa kubeba magunia ya kahawa Mbinga, na jino lenyewe lilikuwa gego la nyuma, kubwa, lina mizizi mitatu kama mafiga. Sista aliyeling'oa alilifunga kwenye pamba akanikabidhi, sijui kwa nini, labda alidhani nitataka kwenda kulionyesha. Nikatoka nje shavu limevimba. Pale kwenye benchi walikuwa wamekaa Wahehe wawili, mafundi wa kujenga ukuta wa kanisa. Wakaniuliza, wewe Mngoni, msiba wa nani? Mimi mdomo umejaa pamba, siwezi kusema, nikawaonyesha jino.

Wale watu hawakucheka hata kidogo. Walivua kofia. Mmoja akalipokea jino kwa mikono miwili, mwenzake akaenda kuchuma jani la mgomba, wakalivika sanda, wakachimba kaburi la urefu wa kidole nyuma ya jiko la hospitali. Yule mkubwa akatoa hotuba. Akasema marehemu alikuwa mlafi, alitafuna panya wa watu wengi, na ameacha wajane thelathini na mmoja mdomoni. Wagonjwa walitoka wodini na mashuka yao kuja kuzika. Baada ya hapo wakanidai jogoo wa matanga, na nikawapa, maana watani wakishakuzikia hakuna tena kesi.

Nimeanza na jino kwa sababu daftari hili litasomwa na wajukuu zenu wa mjini, ambao wakisikia Mngoni na Mhehe wanatukanana watakimbilia kuamua ugomvi. Hakuna ugomvi. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, na baada ya kuchoka wakabaki kutaniana, nasi tumerithi: wao wanatuita wala panya, sisi tunawaita wala mbwa. Sasa huko Sweden nimekwenda nikamkuta Mhehe mmoja, na habari yote ninayotaka kuwapa ni yake na yangu.

Mmeniuliza kila siku pale kwa fundi viatu nini kilitokea, na kila siku naishia kwenye ndege kwa sababu mnanikatiza. Naandika ili mnyamaze. Elimu yangu ni darasa la nne, herufi zimelala upande, mtanivumilia. Mambo ya pasi na viza nayaruka, hayana utamu wowote.

Songea hadi Arlanda, kisha Märsta

Basi la Songea kwenda Dar mnalijua. Ndege nayo ni basi tu, ila chakula kinakuja kimefunikwa kwa karatasi ya bati na ukikifunua hujui kipi ni mboga na kipi ni kitindamlo. Mimi nilianza na keki nikamalizia na samaki. Mama aliyekaa pembeni yangu aliniangalia, kisha naye akala keki kwanza, nadhani alifikiri ndiyo desturi.

Kule uwanjani Arlanda watu wanaopokea wageni wanasimama mstari na vibao vya majina. Na mimi nikasoma polepole, kibao kwa kibao, nikitafuta KOMBA. Sikukiona. Nikaona mzee mrefu mwenye koti la suti na kofia ya sufu, ameshika kibao kimeandikwa kwa herufi kubwa nyekundu: MLA PANYA.

Nikajua mkwe wangu amefika.

Huyo ndiye Kalinga, Mhehe wa Iringa. Alikwenda Sweden akiwa kijana kujifunza ufundi wa malori pale Södertälje, akabaki, akazeekea huko, sasa amestaafu. Mwanawe Festo ndiye aliyemuoa binti yangu Salome, na Salome alikuwa mjamzito, ndiyo sababu ya safari. Nilipomkaribia Kalinga alipiga magoti palepale akaanza kulia kwa sauti: "Jamani wamemleta amekwisha. Mbona hamkuleta na jeneza? Gari langu ni dogo, huyu nitamkunja vipi?" Askari wa kike akaja mbio na chupa ya maji, akamshika Kalinga bega, akampa pole. Kalinga akaipokea ile pole. Akanywa na maji.

Salome na Festo wanakaa Märsta, hapo karibu na uwanja wa ndege, ghorofa ya tatu. Salome anasafisha ndege, au alikuwa anasafisha kabla tumbo halijakua. Festo anaendesha gari la mizigo. Jioni ile tulikula viazi na vidonge vya nyama, na juu ya nyama wakaniwekea jamu. Jamu, ya matunda mekundu. Nikamuuliza Salome kama anaumwa. Akasema, "Baba, onja kwanza." Nikaonja. Nimerudi na makopo mawili, atakaye aje.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililotuhangaisha mwezi mzima. Salome ana miaka arobaini na moja, na daktari alishamwambia huyu wa kwanza ndiye wa mwisho. Ni mtoto wa kike. Mimi sina mtoto mwingine zaidi ya Salome. Mke wangu Odilia nimemzika, huu mwaka wa tatu. Basi nilitaka mtoto aitwe Odilia, na nilijua kama si huyu hakuna mwingine.

Lakini Kalinga naye alitaka aitwe Vumilia, jina la mama yake. Festo alininong'oneza jikoni kwamba bibi yake alikufa Kalinga akiwa Sweden, nauli ikashindikana, hakuwahi mazishi. Kalinga mwenyewe hakuniambia. Aliloniambia mezani ni hili: "Odilia ni jina la sabuni. Mtoto ataitwa Vumilia, kwa sababu atakuwa na babu Mngoni na itabidi avumilie."

"Tupige kura," nikasema.

"Tangu lini Mhehe na Mngoni wakagawana kitu kwa kura? Tulenge shabaha. Mimi nimepita JKT. Ninayo bunduki ya upepo kabatini, imefungwa na ufunguo. Wewe umewahi kushika nini, zaidi ya mkia wa panya?"

"Nilikuwa mgambo miaka sita."

"Mgambo wa kulinda nani? Mahindi?"

Festo akacheka. Salome hakucheka. Aliweka uma chini, akasema hana nguvu ya kusikiliza hiyo kelele mpaka ajifungue, kwa hiyo shabaha ikate maneno, yeye na Festo watakubali. "Ila msikilize wote wawili. Mtalenga mahali panaporuhusiwa. Bunduki haitoki kabatini mpaka mahali papatikane. Polisi wakinipigia simu hata mara moja, mtoto nitamwita Solveig, kama yule mama wa ghorofa ya chini. Nimemaliza."

Tulimwangalia tukajua kweli amemaliza.

Msitu wa kila mtu

Kalinga alikuja Märsta alfajiri ya Jumanne. Kutoka Södertälje hadi Märsta ni treni moja, ncha hadi ncha, yeye ncha ya kusini mimi ncha ya kaskazini, mji mkuu katikati kama kitovu. Alikuja na buti, chupa ya chai na maringo.

"Huku msitu ni wa kila mtu," akaniambia. "Ipo haki hiyo. Hata wewe, juzi umeshuka, msitu huu ni wako. Unaingia, unachuma matunda, unalala na hema, hakuna wa kukuuliza."

"Na kulenga shabaha?"

"Nina miaka arobaini nchi hii. Unaniuliza mimi?"

Nilikuwa nimebeba kamba yenye mafundo ya kupimia hatua, na karatasi ya shabaha niliyoichora mwenyewe: duara kubwa kwa mfuniko wa sufuria, la kati kwa kikombe, la ndani kwa kizibo cha soda.

Msitu wenyewe uko nyuma ya nyumba, unatembea robo saa tu. Misonobari, mawe yaliyovaa ukoka kama mablanketi, na chini vichaka vya matunda madogo meusi-bluu. Tulisema tuonje moja moja. Baada ya nusu saa tulikuwa tumechuchumaa bado, midomo imekuwa ya zambarau, na Kalinga ananiambia nikifa leo watadhani nimekunywa wino. Nikamwambia ulimi wake umefanana na wa ng'ombe aliyekufa kwa kimeta. Tulifurahi sana, siwezi kuwaficha.

Mwishoni tukapata mahali. Uwazi mzuri, na mbele yake kilima kidogo. Kalinga akakisifia kile kilima kama amekijenga. "Risasi ikikosa karatasi inaingia kwenye udongo. Usalama ndio huo, Mngoni, jifunze." Nikabandika karatasi kwenye msonobari, tukanyoosha kamba.

Akatokea mbwa. Mbwa mdogo, na amevalishwa koti la mvua.

"Mtani," nikasema, "mboga yako hiyo. Tena imeshafungashwa."

Nyuma ya mbwa akaja mwenyewe, mama wa makamo, ana kapu la uyoga. Aliangalia karatasi, akaangalia kamba, akatuangalia sisi na midomo yetu. Akasema na Kalinga kwa Kiswidi, taratibu, kama nesi anavyoongea na mgonjwa wa homa. Nikamwona Kalinga anavua kofia. Nikajua mambo yameharibika.

"Anasemaje?"

"Anasema haki ya kila mtu ni kuchuma, kutembea na kulala. Kupiga bunduki hakumo. Msitu una mwenyewe, lazima akubali. Na hapa tuko ndani ya ramani ya mji, kwa hiyo lazima na polisi watoe kibali."

"Hata ya upepo?"

"Nimemuuliza. Hata ya upepo."

Yule mama akainua kidole kuonyesha kile kilima chetu, na kabla hajasema lolote wakaanza kutokea. Watoto. Walitoka nyuma ya kilima kwa njia ambayo sisi hatukuiona, wadogo wa chekechea, kila mmoja na kizibao cha njano, wameshika kamba ndefu yenye vishikio, mwalimu mbele na mwalimu nyuma. Niliwahesabu kumi na tisa. Wakapita wakiimba, wakatupungia mkono.

Kalinga alikaa chini juu ya jiwe. Mimi nilibandua karatasi. Yule mama akatugawia uyoga kwenye mfuko, akaenda zake na mbwa wake. Tulikwenda robo saa nzima bila mtu kumtukana mwenzake, halafu Kalinga akasema uyoga huo nianze kuula mimi, yeye atasubiri aone.

Husby, na mnyama relini

Jumapili, baada ya ibada, tulimweleza shida yetu Mkenya mmoja anayeitwa Njoroge, dereva wa basi, mtu wa kujua kila kitu. Akasema, "Wazee, si muende Järva, hapo Husby tu? Hiyo ni uwanja mkubwa, nyasi peke yake, na ni ya serikali ya mji. Ni ya pablik, bana."

Tulikwenda Jumamosi iliyofuata, Kalinga akiwa amelala Märsta ili tuwahi. Hatukuwahi. Treni ilitembea kidogo ikasimama katikati ya mashamba, sauti ikatangaza, Kalinga akatafsiri: mnyama amesimama relini. Nikabandika uso dirishani nikamwona kwa mbali kwenye kona, aina ya kulungu wa huko, mkubwa kama maksai, miguu mirefu myembamba kama amepanda kwenye ngazi, pua imevimba. Hana haraka. Anatafuna.

"Nenda kamwambie atoke," nikamwambia Kalinga. "Atakusikiliza, mmefanana pua."

"Huyo ni Mngoni. Angalia alivyoziba njia ya watu na hajui."

Kilichonishangaza ni abiria. Behewa limejaa, na hakuna anayelalamika, hakuna anayeuliza, kila mtu anaangalia simu yake. Kwetu saa hiyo tungekuwa tumeshuka wote, nusu wanamfukuza mnyama, nusu wanampangia bei. Mimi ukimya ule ulinishinda nikafungua chapati za Salome, nikamgawia Kalinga, nikaona haifai kula wawili mbele ya watu nikaanza kuzungusha behewani. Wengi walikataa kwa kutabasamu na kukaza magoti. Kijana mmoja wa kike akachukua. Kisha mzee mmoja akachukua, akaikunja, akaila yote macho yamefumba, halafu akafungua begi lake akatoa mkate na bomba kama la dawa ya meno. Akanikamulia kitu cha rangi ya waridi juu ya mkate. Mayai ya samaki, jamani. Kwenye bomba. Nilikula, kwa sababu yeye alikula changu. Ni chumvi tupu, lakini ya urafiki.

Mnyama aliondoka alipotaka mwenyewe. Tukabadilisha treni mjini, tukafika Husby saa ya kula.

Järva ni kweli uwanja mkubwa, Njoroge hakudanganya. Ila alisahau kututajia kondoo, na baiskeli, na familia zilizokaa kila mahali na majiko ya mkaa. Kalinga akasema twende mbali kidogo, penye uzio. Nikabandika karatasi kwenye nguzo ili tupime tu hatua. Hata kamba sijaifungua nikasikia sauti nyuma:

"Ba papa. Njo nini ile munaweka kwa bois ya kondoo?"

Alikuwa mama Mkongomani, mnene, mchangamfu, ana koleo la kugeuzia nyama mkononi. Jina lake Mama Béatrice. Tukamweleza. Alivyosikia neno bunduki alishika kiuno.

"Ah non. Hapa hapana. Hapa batoto beko, kondoo beko, na hii pori yote banailinda. Ba papa, munataka kufungwa na mvi hizi?"

"Tunapima tu, mama," Kalinga akasema.

"Pimeni tumbo. Kuyeni mukule."

Akatuketisha kwenye mkeka kati ya wenzake, akatupa fufu, ugali wao wa muhogo, na pondu, yaani kisamvu kilichopikwa na mawese, na kuku wa mkaa. Nikamsimulia habari ya majina, ya mama mwenye mbwa, ya watoto wenye vizibao, na wale wamama walicheka mpaka mmoja akamwaga soda. Lakini Béatrice alikuwa anafikiri. Akasema kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani, na zamani alikaa Södertälje. Huko alimhudumia mzee mmoja hadi alipokufa akaacha mjane. "Bibi yake iko, anaitwa Gunvor. Yeye njo mukubwa wa kiwanja ya kupiga bunduki, inje ya muji. Kiwanja ya ruhusa. Bageni banaenda, banafundishwa, banapiga. Nitamupigia sasa hivi."

Kalinga akanyoosha mgongo. "Mimi nimepita JKT. Nifundishwe kushika bunduki na mwanamke?"

"Na kijiko alikufundisha nani?" Béatrice akamuuliza, simu tayari sikioni.

Alizungumza Kiswidi haraka kuliko Kalinga. Akakata simu, akatuambia Jumapili ijayo, saa nne asubuhi, kitambulisho, viatu vya kufunika, na bunduki yetu ya upepo ibaki nyumbani maana wanazo zao.

Södertälje

Jumamosi nilikwenda kulala kwa Kalinga. Nyumba yake ni chumba na sebule, safi kuliko kanisa, na kila chombo kimetundikwa ukutani kama gereji. Alipika mwenyewe wali na maharage, akaniwekea sahani imefunikwa na bakuli. "Karibu mkwe, nimekutafutia chakula cha kwenu."

Nikafunua. Panya. Mweupe, ana macho mekundu na mkia wa uzi. Panya wa peremende, wanauzwa huko madukani kwa mizani. Alikaa pale anasubiri nishtuke. Nikamshika panya nikamla kuanzia mkia, nikalamba vidole, nikauliza kama ameleta na watoto wake. Kalinga alitoka kwenda barazani, nikamsikia anacheka peke yake kama mtu mwenye kikohozi.

Karibu mwezi mzima tulikuwa tumejuana, na hatujawahi kuambiana neno moja la kweli. Sisemi kwa kulalamika. Ndivyo tulivyozoea.

Machimbo ya kokoto

Festo alitupeleka kwa gari. Unatoka mjini, unaingia msituni kwa njia ya kokoto, unapita kituo cha basi chenye benchi moja, na mwisho wa njia kuna shimo kubwa la zamani la kuchimba kokoto. Ukuta wake wa nyuma ni mchanga mrefu kama ghorofa tatu. Risasi haina pa kwenda. Nilipouona nikakumbuka kile kilima chetu nikaona aibu upya.

Gunvor alikuwa anatusubiri. Bibi wa miaka sabini na kitu, mkavu, nywele fupi nyeupe, kizibao cha rangi ya machungwa na filimbi shingoni. Kalinga akamuuliza ardhi ni ya nani. Akasema ni ya manispaa, chama kimekodishiwa, polisi wamekagua.

"Kwa hiyo ni ya kila mtu," Kalinga akasema, akinitupia jicho.

"Ya kila mtu anayefuata kanuni," akasema Gunvor.

Na kanuni zilikuwepo. Bendera nyekundu ikiwa juu hakuna anayevuka mstari. Mtutu unaangalia mchanga wakati wote, hata bunduki ikiwa tupu. Kidole hakigusi kifyatulio mpaka jicho liko kwenye shabaha. Ukimaliza, unavuta kile chuma cha nyuma, tumbo la bunduki libaki wazi, risasi nje, unaiweka mezani. Alitufanyisha hayo mara kumi na bunduki tupu. Kalinga alikosea mara ya tatu, aliacha tumbo limefungwa, na bibi akampigia filimbi sikioni. Siku ile nilimpenda sana Gunvor.

Nikadhani sasa tunapiga. Hapana, ikawa saa ya kahawa. Huko kahawa haiahirishwi. Watu wote wa kiwanja wakakaa kwenye benchi, wakatoa mikate ya mdalasini, na hakuna aliyegusa bunduki nusu saa. Mimi niliyebeba magunia ya kahawa Mbinga ujana wangu wote nilikuwa sijawahi kunywa vikombe vitatu kwa mkupuo. Mikono ikaanza kucheza.

Saa sita kasoro tukakaa mezani, kila mmoja na bunduki yake ndogo iliyolazwa juu ya mfuko wa mchanga, vikombe vya kuziba masikio na kelele bado shingoni. Risasi tano kila mtu, kwa zamu. Na hapo, kwa raha ya kufika mwisho wa kutafuta, tukajisahau. Tukaanza.

"Mngoni, leo nakuzika," Kalinga akasema. "Mbuzi zako nachukua mimi."

"Wewe ukianguka hapa sikuziki. Nakukausha, nakupeleka Songea niwatishie ndege shambani."

"Shimo limeshachimbwa, angalia lilivyo kubwa. Litakutosha wewe na ukoo."

Festo alikuwa nyuma yetu na Gunvor. Festo kazaliwa huko, Kiswahili chake ni cha jikoni, na utani anaujua kama unavyojua kelele za jirani, umezoea, huna haja ya kuzifikiria. Gunvor akamuuliza wazee wanasema nini. Na Festo, mtoto wa watu, akatafsiri. Neno kwa neno.

Filimbi ililia mpaka kunguru wakaruka. Bendera ikashuka, bunduki zikaondolewa mezani, watu watano waliokuwa mistari mingine wakasimama. Gunvor alituweka kwenye benchi kama wanafunzi waliochelewa. Akauliza kama kuna ugomvi wa familia. Kalinga akaanza kueleza, na nawaambieni, jaribuni siku moja kumweleza mtu utani kuanzia vita vya mababu mpaka panya wa peremende, kwa lugha ya watu wanaoomba radhi hata wakikugusa na mwavuli. Festo uso umemvuja jasho anasaidia. Mimi nikaongezea la jino. Gunvor alisikiliza yote.

"Kwa hiyo mnapendana," akasema.

Kalinga akaangalia viatu. "Huyu? Simpendi hata kidogo."

"Sawa," akasema Gunvor. "Mtapiga. Lakini kwenye mstari wangu sitaki neno la utani hata moja. Nikisikia moja, mnakwenda nyumbani."

Bendera ikapanda tena. Tukakaa. Na sasa kimya.

Sijawahi kukaa na Kalinga kimya namna ile. Kabla ya kuvaa vile vikombe nilimsikia anavyopumua, ana mluzi kidogo kifuani. Niliona vidole vyake vya ufundi, viwili vimepinda. Nikapiga ya kwanza, saba. Gunvor alikuwa anasoma kwa darubini. Kalinga nane. Mimi nane, yeye tisa. Mimi kahawa ikanishika, nne. Yeye sita. Mimi tisa, yeye saba. Ya mwisho yangu nilivuta pumzi nikamwambia Odilia moyoni anishikie mkono, nikapata sita.

Festo akajumlisha kwenye karatasi. Mimi thelathini na nne. Kalinga thelathini, bado risasi moja. Alihitaji tano tu ashinde, na tangu tuanze hajawahi kupata chini ya sita.

Akaweka risasi. Akafunga chuma. Akaegemea, jicho kwenye shabaha, na nikamwona kabisa kwamba mkono umetulia. Nikaangalia mchanga. Nilikuwa tayari nawaza nitakavyorudi hapa kuwaambia nimekosa.

Haikulia. Nikashusha vikombe vyangu shingoni, nikageuka. Kalinga alikuwa ameinua uso, naye ameshusha vyake, anaangalia mbele, na akaniuliza kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Mkeo aliumwa nini?"

"Moyo," nikasema. "Ulikuwa unavimba."

"Aliumwa muda mrefu?"

"Miaka miwili. Nilikuwepo."

Akaitikia kwa kichwa. Akavuta kile chuma, akatoa risasi, akaisimamisha juu ya meza. Akailaza bunduki, tumbo wazi, mtutu kwenye mchanga. Akavua vikombe vya masikio, akavaa kofia yake ya sufu. Gunvor akamuuliza kama hapigi ya mwisho, akamjibu neno moja, hapana, na hesabu ya Festo ikabaki thelathini na nne kwa thelathini, yaani Odilia. Festo akasema, "Baba, gari liko huku," lakini alishapita geti, anapanda ile njia ya kokoto kwenda kituo cha basi, mrefu, mikono nyuma. Hakugeuka, na hakurudi.